Lundo Linatoa Mvuke: Usilifumue Bado

Maswali yenu ya moto na usalama yanajibiwa na zimamoto mstaafu

SWALI: Shikamoo mzee. Wiki tatu zilizopita tulipanga marobota ya nyasi kavu bandani. Mvua ilitukimbiza, kwa hiyo mengine yalifungwa yakiwa bado na unyevunyevu. Sasa kila alfajiri naona mvuke ukipanda kutoka katikati ya lundo, na banda zima linanuka kama sukari inayoungua. Moto sijauona. Mwanangu anataka kupanda juu na uma wa nyasi, afumue katikati ili lipoe. Nimruhusu? (Mama mfugaji)

JIBU: Marahaba, mama. Kijana asipande, na uma aurudishe alikoutoa. Lundo lenu lina joto kali ndani, na huenda kinacholizuia lisiwake ni uhaba wa hewa tu. Akilifumua, hewa itaingia na ndimi za moto zinaweza kumrukia usoni papo hapo.

Kuna jambo jingine ambalo mimi naliogopa zaidi. Nyasi zikiungua taratibu ndani kwa ndani huacha shimo. Juu marobota yamekaa vizuri, unaweza hata kuapa kwamba hakuna kilichotokea, kumbe chini limebaki ganda. Anayelikanyaga anatumbukia kwenye makaa, na humo kuna kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayomlegeza mtu kabla hajaita msaada. Anayemrukia kumwokoa naye anabaki humo humo. Kama sehemu ya juu imebonyea kidogo, msiikaribie kabisa.

Kama hakuna moshi, pimeni joto mkiwa mmesimama chini, ubavuni mwa lundo, watu wawili. Chukueni bomba la chuma lenye ncha, lililotobolewa matundu karibu na ncha hiyo. Lisukumeni mpaka karibu na katikati, maana pembeni joto hutoroka. Teremsheni kipimajoto ndani yake kwa waya, mkiache kama dakika 15. Asiye na kipimajoto atumie nondo: ichomekwe, ikae dakika 20, itolewe, iguswe kwa tahadhari kwa ncha za vidole. Ikiwa haishikiki, lundo liko pabaya.

Chini ya nyuzi 50 za Selsiasi, msihangaike sana. Nyasi mpya hupata joto siku za mwanzo. Zikipita hapo, pimeni kila siku. Zikifika 65, pimeni kila baada ya saa chache. Wengi hungoja 80 ndipo wapige simu zimamoto. Mimi nawaambia pigeni zikigonga 70, kwa sababu gari likija bure hakuna aliyeumia. Kwenye 80 kuna uwezekano mkubwa wa vijimoto vilivyojificha, na kwenye 100 hesabuni kwamba litawaka. Ila kwako, mama, kwa mvuke huo na harufu hiyo, piga simu leo, kipimo kije baadaye.

Ukipiga, sema waziwazi kwamba ni nyasi zilizojipasha joto zenyewe. Waambie maji yako wapi, na kama bandani kuna mbolea, dizeli au mitungi ya gesi. Wakati mnasubiri, toeni mifugo kwanza, muipeleke upande ambao upepo unatokea. Trekta nalo liondoke hapo. Moshi ukianza, tokeni nje na msifungue milango ati hewa ipite.

Kuyatoa marobota ni kazi ya zimamoto wenye vifaa vya kupumulia, mpira wa maji ukiwa tayari mkononi. Hutolewa moja moja, yakiloweshwa, na kupelekwa kwenye ardhi tupu mbali na majengo.

SWALI: Lundo letu la mabua ya ngano liliwaka. Tulilimwagia maji mpaka jioni, moto ukazimika. Kesho yake ukawaka tena. Kuna mtu anatuhujumu?

JIBU: Kabla hamjamshuku jirani, vunjeni robota moja lililokwisha zimwa kabisa, mtazame ndani. Mtakuta unene wa vidole viwili tu kutoka juu umelowa chepechepe, halafu mabua makavu kabisa. Bua lina ngozi ya nta, na robota limekazwa, hivyo maji huteleza pembeni na kutiririka chini huku katikati pakiendelea kufuka. Ndiyo maana zimamoto huchanganya dawa ya povu kwenye maji ili yapenye, na ndiyo maana kila robota lazima lifunguliwe, litandazwe na kuloweshwa. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa. Mara nyingine, kama lundo liko peke yake shambani, kamanda huamua liachwe liungue chini ya ulinzi, na mimi nauunga mkono uamuzi huo: mabua si kitu cha kufia. Zuieni pia maji machafu ya kuzimia moto yasiingie kisimani au mtoni.

Mabua yaliyokauka vizuri hujipasha joto mara chache kuliko nyasi. Kwa kawaida huwashwa na cheche iliyotoka nje ya lundo. Nyasi ndizo zenye sukari nyingi. Zikifungwa mbichi, bakteria na ukungu huzila na kutoa joto. Kwenye nyuzi 60 hadi 70 wengi wao hufa, na hapo watu hudhani mambo yamekwisha. Kumbe kemia imepokea kijiti, nayo haihitaji kiumbe hai ili ipandishe joto. Hatari kubwa huwa kati ya wiki ya pili na ya sita. Marobota madogo yafungwe unyevu usizidi asilimia 20, makubwa asilimia 18 au chini yake.

SWALI: Nyasi zetu zilipata joto zikageuka kahawia, lakini hazikuwaka. Ng'ombe wanazigombania. Tuwape?

JIBU: Wanazigombania kwa sababu ya ule utamu wa kuungua. Kama hazina ukungu, wape, ila usizihesabu kama chakula kizuri: sehemu kubwa ya protini imefungika na ng'ombe hawezi kuimeng'enya, kwa hiyo waongezee kutoka kwingine. Zenye ukungu wa vumbi jeupe usiwape, nawe usizipepetue bila kufunika pua na mdomo kwa barakoa nzuri, kwani vumbi hilo huharibu mapafu.