“Kutabiri kasi ya kufikia lengo”: sentensi safi iliyokosa shabaha

Msomaji wetu wa Kisauni anayesomea kuunda app na tovuti ametuletea swali: “Maalim, asalam aleikum. Kwenye kazi yangu ya darasa nimeandika ‘Sheria ya Fitts hutabiri kasi ya mtu kufikia lengo kwenye skrini’. Mwenzangu aniambia hicho ni Kiswahili cha kutafsiri, mimi naona kiko sawa. Nani ana haki? Na je, niandike kitufe ama batani?”

Waaleikum salam ndugu yangu. Kisarufi huna kosa, viambishi vimekaa, ile “hu” ya mazoea iko mahali pake, hapo hakuna wa kukugusa. Lakini mwenzako kanusa kitu, ila hakukieleza vizuri, manake shida si kutafsiri, shida ni kwamba maneno yako mawili, kasi na lengo, yampeleka msomaji kwengine kabisa na alikokuwa akienda Fitts mwenyewe. Kwa hivo tuanze na alichokifanya, tusije tukabishana maneno matupu.

Paul Fitts alikuwa mwanasaikolojia wa Marekani, na mwaka 1954 alichapisha majaribio ambayo ukiyaona utasema ni mchezo wa watoto: watu walipewa kalamu ya chuma, mbele yao vibao viwili vya chuma, wakaambiwa gonga hiki, gonga kile, hiki, kile, upesi uwezavyo bila kukosa. Mara vibao viko mbali, mara viko karibu, mara vipana, mara vyembamba. Jaribio jengine lilikuwa la kuhamisha vijiti kutoka matundu haya kuvitia matundu yale, na hilo ndilo hunikumbusha mtu akitia uzi kwenye sindano ya kushonea kofia, mkono watoka pajani mpaka karibu na sindano kufumba na kufumbua, halafu ukifika pale tunduni waanza kunyata, wasogea kidogo, warudi kidogo, mpaka uzi uingie. Muda hauliwi na safari, waliwa na kule kufika.

Sasa hesabu yake. Chukua umbali wa kwenda, zidisha kwa 2, ugawe kwa upana wa kile unachokiendea. Jawabu utakayopata ebu ihesabu yaweza kugawanywa nusu mara ngapi mpaka ufike 1. Mfano batani ina upana wa sentimita 1 na iko sentimita 8 kutoka ulipo mkono: 8 mara 2 ni 16, na 16 waigawa nusu mara nne, yaani 8, 4, 2, 1. Basi ugumu wake ni 4, na kipimo chake Fitts alikiita biti, neno alilolitoa kwa wataalamu wa mawasiliano. Muda wa mkono waongezeka kwa kiasi kile kile kwa kila biti moja. Isogeze ile batani mpaka sentimita 16, ugumu wawa 5, haukuwa 8! Umbali umekuwa maradufu lakini ugumu umepanda hatua moja tu. Na ukiiweka mbali maradufu halafu ukaipanua pia maradufu, ugumu warudi pale pale 4. Mimi hapa huwa nashangaa kila mara, kitu cha mkono na jicho kukubali hesabu nyepesi namna hii.

Na hapa ndipo “kasi” yako inapoanguka. Kasi ni umbali kwa muda, tuk-tuk hukimbia kwa kasi, upepo wa kusi huvuma kwa kasi. Fitts hakutoa kanuni ya kasi, alitoa kanuni ya muda. Utasema si yote mamoja, anayekwenda kwa kasi si hutumia muda mchache? La, tazama mfano wetu: sentimita 8 ilikuwa hatua 4, sentimita 16 ni hatua 5. Ichukue kila hatua ya ugumu kama kipande kimoja cha muda, kisha gawanya mwenyewe umbali kwa muda, 8 kwa 4 ni 2, 16 kwa 5 ni zaidi ya 3. Yaani ile batani ya mbali mkono umeifuata kwa kasi KUBWA zaidi na bado ukachelewa kufika. Kwa hivo mtu akisoma sentensi yako akaelewa kwamba batani nzuri ni ile ambayo mkono waiendea kwa kasi, atajenga app yake kinyume, atazitupa batani kule mbali na mkono. Neno moja tu limepindua maana. Andika “muda”, ama kama wataka ladha ya mazungumzo sema “mtu atafika upesi kiasi gani”, upesi haina deni na umbali.

Lengo nalo. Siwezi kukwambia ni kosa, manake lengo limetoka kwa kulenga, na kinacholengwa ni lengo, babu zetu wasingegombana nawe. Lakini maneno huhama. Siku hizi lengo limehamia akilini: lengo la mkutano, malengo ya mwaka, lengo langu ni kununua kiwanja Mtwapa. Kitu chenye upana na umbali, kitu unachoweza kukipima kwa rula, hicho ni shabaha. Mtoto anayepopoa maembe kwenye mwembe wa jirani, shabaha yake ni lile embe, na ajua bila kufundishwa kwamba la karibu na kubwa ndilo la kuanza nalo. Najua kuna wanaosema “shabaha ya chama chetu” wakiwa na maana ya makusudio, ni sawa, lakini huwezi kwenda upande wa pili ukasema mtoto amekosa lengo kwa jiwe, sikio litakataa.

Na kwenu nyinyi waunda app tofauti hii ni muhimu kuliko kwa mtu yeyote, kwa sababu mtumiaji wenu ana vyote viwili kwa wakati mmoja. Juzi nilikuwa kwenye feri ya Likoni nataka kumtumia dada yangu pesa kwa app moja, “Tuma” na “Ghairi” zimebanana pale chini, nyembamba kama njiti, na watu wasukumana. Nikagusa Ghairi mara mbili, kila mara naanza upya. Lengo langu lilikuwa dada apate pesa, shabaha ilikuwa ile batani ya Tuma. Na mtu aweza kuipata shabaha barabara akalikosa lengo, akifinya vizuri kabisa batani ambayo siyo. Lugha ikikupa maneno mawili kwa mambo mawili usiyafanye moja. Ghairi yenyewe lakini nimeipenda, ni kubadilisha nia, aliyeichagua alijua Kiswahili.

“Kutabiri” sitakukata mkono, tumezoea utabiri wa hali ya hewa na hakuna anayefikiria ramli. Lakini kwa jambo linalotoka kwenye hesabu ya umbali na upana mimi napenda kukadiria, kama fundi cherehani anavyokutazama akakadiria mita za kitambaa kabla hajashika mkasi. Kubashiri usiiguse, hapa Kenya imeshatekwa na watu wa kamari. Na sheria, sheria ni ya bunge na yaweza kuvunjwa, jambo la maumbile huitwa kanuni, kama tunavyosema kanuni za Newton. “Kufikia” umepatia, usije ukabadilisha ukaandika kusonta, manake mtu asonta kidole kitu kilicho ng'ambo ya Nyali bila kukifika, na hapa habari yote ni kufika.

Jengine dogo kwa vile kazi yako ni ya skrini: Fitts hakuwa na skrini. Mwaka 1978 ndipo Stuart Card, William English na Betty Burr wa kampuni ya Xerox walipochapisha majaribio ya mausi ya kompyuta na vifaa vyengine, wakaona mausi yafuata kanuni ile ile ya vibao vya chuma. Ndio maana batani iliyogusa ukingo wa skrini ya kompyuta ni rahisi sana, kishale hakivuki ukingo hata ukisukuma kwa nguvu, ni kama shabaha isiyo na mwisho upande ule. Kwenye simu usidanganyike, kidole hakizuiwi na ukingo, chapita kikaangukia hewani.

Basi ningekuwa mimi ningeandika: “Kanuni ya Fitts hukadiria muda ambao mtu atautumia kuifikia shabaha kwenye skrini, kutokana na umbali na upana wake.” Ni ndefu kidogo, iache iwe ndefu.

Kitufe ama batani? Kitufe ni kizuri, chatoka kwa tufe, lile la mviringo wanalorusha wanariadha, na kwenye kazi ya darasa kitumie. Ila ukiwa dukani Kongowea wamuonyesha mama mmoja app yako ili uone kama vidole vyake vyafika, mwambie batani, mwambie “finya hapo”, usimpe kazi ya pili ya kuwaza kitufe ni nini huku wewe wahesabu sekunde zake.