Mswada wa kitabu kukataliwa sio dalili ya ubovu

Kuna kijana wa Wete, Pemba, karejeshewa riwaya yake na mchapishaji, na watu wanasema wachapishaji wanajua kitabu kipi kitauza. Hapana, hawajui kiasi hicho. Markus Dohle alipokuwa bosi wa Penguin Random House alisema mwenyewe mahakamani Washington 2022, kwenye kesi ya serikali ya Marekani kuizuia kampuni yake isiinunue kampuni nyengine ya vitabu, Simon & Schuster, kwamba kitabu kuuza sana ni mambo ya bahati, na hio Penguin Random House ndo kampuni kubwa kabisa duniani ya vitabu vya kawaida, visivyo vya skuli. Wanachokijua hasa ni uandishi mbovu, huo wanauona kurasa za mwanzo tu. Ila vitabu vya skuli ni mambo mengine, mtaala upo na wanafunzi wapo, hata hapa Unguja mchapishaji anajua wanunuzi wake kabla hajachapa. Huyo kijana wa Wete aliyerejeshewa riwaya yake asiichane bas, apeleke kwengine.