Muulize Bi. Mwalimu: Nani abaki darasani kipindi cha dini?

Swali: Nafundisha Gredi ya 4 katika shule ya serikali, Kaunti ya Kilifi. Mimi ni Mkristo na CRE, somo la dini ya Kikristo, ni yangu. Nina Waislamu kumi na wanne darasani, na mwalimu wa IRE, somo la dini ya Kiislamu, hatuna. Mwalimu mkuu asema wakae tu wasikilize. Juzi mama mmoja alinijia juu kwa sababu binti yake amerudi nyumbani akiimba nyimbo za Yesu. Nikiwatoa nje, wanacheza mpira. Nifanyeje?

Jibu: Mwalimu mwenzangu, nimesomesha IRE huku Malindi mpaka nikastaafu, na malalamiko kama yako nimeyasikia kwa Wakristo na kwa Waislamu. Wengi hukimbilia kuzungumzia uvumilivu. Mimi nakutuma kwanza ukaitazame ratiba iliyobandikwa ofisini.

Gredi ya 5 anafundisha nani? Kama ni Mwislamu, vipindi vyenu vya dini viwekwe siku moja, saa moja. Yeye achukue Waislamu wa madarasa yote mawili, nawe uwachukue Wakristo. Utaambiwa silabasi si moja. Kweli, lakini mtoto wa Gredi ya 5 akirudia namna ya kutia udhu hapungukiwi na kitu, na huyo aliyekuwa akicheza mpira atakuwa amepata dakika 35 za somo lake.

Kama shule nzima hakuna mwalimu Mwislamu, mwalimu mkuu aiendee bodi, wamtafute maalim wa chuo cha jirani, yaani madrasa. Msimwite mikono mitupu, mpeni kitabu cha IRE cha gredi hiyo. Maalim wetu ni hodari wa herufi, Juzuu Amma (sehemu ya mwisho ya Qur'ani) na tajwidi (kanuni za kuisoma), lakini IRE ina sira, yaani maisha ya Mtume, ina akhlaki, yaani tabia njema, ina muamala, yaani hata namna ya kuuza na kununua bila kupunjana. Bila kitabu atarudia aliyoyasomesha chuoni jana alasiri, na watoto watasinzia. Na mlipeni nauli! Nimemwona maalim akiitwa "wa kujitolea" mwaka mzima, hata chai ya walimu haimfikii.

Mpaka apatikane, waweke verandani unapowaona, wasome kitabu chao na kujibu maswali, nawe usahihishe. Si lazima uwe Mwislamu ili usahihishe nguzo tano za Uislamu. Kuwasomesha sura za Qur'ani usijaribu, hiyo ina wenyewe.

Huyo mama ana haki. Katiba ya 2010, kifungu cha 32, inakataza mtu kulazimishwa kufanya tendo lililo kinyume na imani yake, na kuimba sifa ni ibada. Kukisikia kisa cha Yusufu hakumdhuru mtoto wa Kiislamu, maana Qur'ani nayo ina sura nzima ya Yusufu. Ila nyimbo na sala zifanye na walio wako. Mweleze mama hivyo hivyo, wala usimwambie "ulikuwa wimbo tu". Ukisema hivyo umeudharau wimbo wako mwenyewe.

Swali: Nilipokuwa nikifundisha Amri Kumi hapa Kaloleni, mvulana aliuliza kama babu yake, ambaye huzimwagia koma, yaani mizimu ya wazee, tembo la mnazi, anaabudu sanamu. Wenzake wakacheka, mmoja akamwita mjukuu wa mchawi. Nilikosa jibu.

Jibu: Swali la mtoto lingeweza kungoja hadi kesho. Lile neno la mwenzake ndilo lisilongoja. Kilifi hii wazee wameuawa kwa kuitwa wachawi, na mara nyingi ukichimba unakuta ni shamba linalotakiwa. Rudi darasani ulikemee waziwazi, kwa sauti ya kukataza matusi, kabla hujafungua Biblia.

Kisha umjibu kijana. Sema, "Wakristo huamini hivi na hivi, na amri hii huielewa hivi." Hapo komea. Babu wa mtu hahukumiwi ubaoni, tena yeye mwenyewe hayupo kujitetea. Ukitaka kumrudishia mtoto heshima yake mbele ya wenzake, mwombe amuulize babu kwa nini miti ya kaya, yale makao matakatifu ya wazee msituni, haikatwi, aje awaeleze. Misitu ya kaya za Mijikenda imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008, kwa hiyo hata mwenzako wa maarifa ya jamii atakushukuru. Shehe au mchungaji akilalamika, mwambie umefundisha, hujatambika.

Swali: Mimi ni mzazi, Changamwe. Tangu KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, iondoke, naona somo la dini halina faida kwa mwanangu. Au nakosea?

Jibu: Kwenye KCPE dini ilikuwa maswali 30, yamebanwa nyuma ya 60 ya maarifa ya jamii, na watoto walikariri mitume kama nambari za simu. Mtihani huo ulifanywa mara ya mwisho 2023, na mimi sikuulilia. Sasa mwanao huenda akaja na kazi ya kumsaidia jirani mgonjwa. Mpeleke kwa jirani, akateke maji, afagie uwanja. Usimjazie daftari usiku ukapiga sahihi kwamba amekwenda.