Kwenda Varanasi: panga safari yako kwa saa za mto

Wengi wanaofika India kutoka huku kwetu huenda Delhi, Mumbai au Chennai kwa matibabu, masomo au biashara, na wakipata nafasi ya siku tatu nne hujiuliza waende wapi. Varanasi, ambao wenyeji huuita Banaras au Kashi, unastahili siku hizo. Lakini si mji wa kuingia asubuhi na kutoka jioni. Saa ya kuamka, njia ya kupita, hata mwezi wa kwenda, vyote vinaamuliwa na Mto Ganga.

Ganga hapa hupinda na kutiririka kutoka kusini kwenda kaskazini. Mji mkongwe wote umekaa ukingo wa magharibi, na ng'ambo, maji yakipungua, ni mchanga mtupu. Ndiyo maana jua huchomoza usoni kabisa mwa anayeoga. Ukingoni kuna ghati zaidi ya 80, yaani ngazi za mawe zinazoshuka hadi majini, kuanzia Assi Ghat kusini hadi upande wa Raj Ghat kaskazini.

Miezi mizuri ni Oktoba hadi Machi. Kuanzia Julai hadi Septemba mto hufurika, ngazi humezwa na mashua huzuiwa. Aliyekuja kwa ajili ya mto hukuta ukuta wa maji ya udongo. Aprili hadi Juni joto huvuka nyuzi 40. Siku ya Dev Deepawali, takriban siku 15 baada ya Diwali, ghati zote huwashwa taa za udongo, na ni usiku wa kupendeza mno, ila chumba ukitafute miezi kabla.

Kabla ya kuondoka, omba viza kwa mtandao na beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Anayetoka Kenya, Uganda, Burundi au Kongo bila cheti hicho anaweza kuwekwa karantini akifika, na chanjo haihesabiwi mpaka zipite siku 10. Kutoka New Delhi kuna treni ya Vande Bharat, safari ya kama saa 8. Kwa ndege utashuka Babatpur, kama kilomita 25 kutoka mjini.

Malazi yachague karibu na ghati, lakini ujue gari halifiki mlangoni. Teksi au bajaji itakuacha Godowlia au barabara nyingine kubwa, kisha ni vichochoro vyembamba vyenye ng'ombe, pikipiki na mawe yaliyolowa. Sanduku la magurudumu ni mateso. Beba begi la mgongoni. Dereva akikwambia hoteli yako imefungwa, usibishane naye, piga simu hotelini waje kukupokea. Ukipotea vichochoroni, na ramani ya simu hupotea pia humo, teremka tu kuelekea mtoni. Majina ya ghati yameandikwa kutani, hivyo utajua ulipo mara moja.

Mashua ni alfajiri. Anzia Assi Ghat nusu saa kabla ya jua kuchomoza, maana ukitokea kusini mkondo unamsaidia mpiga makasia, na safari inakuwa tulivu. Bei ielewaneni mkiwa bado nchi kavu, na mtaje mambo manne: ni ya mashua nzima au ya kila mtu, ni ya saa ngapi, mnafika wapi, na mnashukia wapi. Ugomvi mwingi wa mashuani hutokana na moja ya hayo kuachwa hewani. Shukia Dashashwamedh, ghati kuu ya mji, kisha rudi Assi kwa miguu ukipita ghati moja baada ya nyingine. Kwenye matembezi hayo ndipo mji unapokufungukia: dobi akipiga nguo jiweni, wazee wakioga kwa sala, watoto wakicheza kriketi ngazini.

Jioni, Dashashwamedh hufanyika Ganga aarti, ibada ya mto kwa taa kubwa za shaba, moshi wa ubani na kengele. Wahi saa nzima kabla. Makuhani huelekea mtoni, kwa hiyo aliye ngazini huona migongo na aliye mashuani huona nyuso. Hata hivyo mashua hubanana kiasi kwamba huwezi kutoka hadi ibada iishe. Nenda msalani kwanza.

Manikarnika na Harishchandra ni ghati za kuchomea maiti, na hapo ndipo wageni hukosea zaidi. Wahindu huamini kwamba anayefia Kashi hupata moksha, kufunguliwa kutoka mzunguko wa kuzaliwa na kufa, na Manikarnika moto huwaka usiku na mchana. Maiti huletwa mabegani juu ya machela ya mianzi, wabebaji wakienda mbio mbio na kuitikia "Ram naam satya hai", yaani jina la Ram ndilo kweli. Ukiisikia nyuma yako kichochoroni, jibane ukutani na uwapishe. Maiti huchovywa mtoni kwanza. Mfiwa mkuu, mara nyingi mtoto wa kiume, amenyoa na kuvaa nguo nyeupe. Huuzunguka mwili mara tano kabla ya kuwasha. Kuni hupimwa kwa mizani mikubwa na kuuzwa kwa uzito, na mwili huchukua kama saa tatu kuungua.

Usipige picha hapo, hata kwa siri, hata ukiwa mashuani. Huo ni msiba wa watu. Atatokea mtu mwenye upole akueleze mila, akupeleke ghorofani "uone vizuri", kisha adai mchango wa kuni za maskini, kwa kiasi cha kutisha. Kataa tangu mwanzo: sema asante na uendelee kutembea.

Hekalu la Kashi Vishwanath, makao ya mungu Shiva, haliruhusu simu, kamera wala saa za kielektroniki. Viache hotelini badala ya kutafuta kabati la kukodi. Epuka Jumatatu, siku ya Shiva, foleni huwa ndefu sana. Mgeni abebe pasipoti halisi. Asiye Mhindu aulize mlangoni na akubali jibu atakalopewa.

Maji ya Ganga usiyanywe, na kama una kidonda usiingie; maji taka ya mji bado huingia mtoni. Chai ya kuchemka kwenye kikombe cha udongo ni salama. Lassi, kinywaji cha mtindi, iliyotiwa bhang huuzwa waziwazi, nayo ni bangi ya kweli, humwangusha mgeni kwa saa nyingi. Anayetaka chakula cha halali aende Madanpura, mtaa wa Waislamu wafumaji wa sari za Banarasi. Ukinunua hariri, omba uzi mmoja uuchome: hariri hunuka kama nywele na majivu yake husagika vidoleni, ya bandia huyeyuka na kuacha kidonge kigumu.

Beba noti ndogo za rupia 10, 20 na 50, maana wachuuzi hulipwa kwa simu zilizounganishwa na benki za India, na chenji ni taabu.

Siku ya kuondoka, soma jina la stesheni kwenye tiketi. Varanasi Junction na Banaras ni stesheni mbili tofauti, na treni nyingi za masafa marefu hupita Pt. Deen Dayal Upadhyaya Junction, ng'ambo ya mto. Kama treni yako iko stesheni hiyo ya tatu, toka ghatini saa mbili kabla. Disemba na Januari ukungu huchelewesha treni kwa saa nyingi, basi usikate tiketi ya ndege ya kurudi nyumbani kwa siku hiyo hiyo.