Fremu Zako Hazijapotea, Ziko tmp

Saa kumi na moja alfajiri feni ya laptopu ilinyamaza, nami nikaamka. Ndivyo nilivyokuwa nalala siku hizo, sikio moja liko kwenye feni. Ikivuma najua kazi inaendelea, ikinyamaza ama kazi imeisha ama umeme umekatika. Siku hiyo kazi ilikuwa imeisha. Blender, programu ninayotengenezea animesheni, ilikuwa inaonyesha fremu ya 250, yaani picha ya mwisho ya video, vitenge vinapepea, jina la duka liko katikati, kila kitu kimekaa nilipotaka kikae. Nikaifunga, nikapiga mswaki, nikarudi kuchukua faili nimtumie mteja.

Faili hakuna.

Nikaangalia Desktop. Nikaangalia Documents, Downloads, hata ile folda ya picha nilizohamisha kutoka kwenye simu miaka miwili nyuma. Nikatafuta neno "tangazo", kwa kuwa mradi wenyewe niliuita tangazo.blend. Kikatoka hicho hicho kimoja, tangazo.blend.

Ilikuwa mwaka 2021, nimepanga chumba Tabata, laptopu yangu ina RAM ya GB 8 na kila fremu inakula kama dakika mbili. Fremu 250 kwa dakika mbili ni dakika 500, yaani saa nane na dakika ishirini. Nilikuwa nimebonyeza kurenda, yaani kompyuta ianze kuchora fremu moja moja, saa tatu kasorobo usiku. Usiku mzima kwa video ya sekunde kumi na kidogo.

Saa tatu asubuhi mteja akapiga. Mama mmoja anayeuza vitenge Kariakoo, alitaka kitu cha kuweka kwenye status ya WhatsApp kabla ya Idi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Tangazo langu limefikia wapi?"

"Linamaliziwa, mama. Kesho asubuhi unalo."

Nikarenda upya. Ndiyo, usiku wa pili mzima, bila kubadilisha kitu chochote, kana kwamba mara hii kompyuta itanionea huruma. Asubuhi mambo yakawa yale yale. Mdogo wangu, ambaye hata kufungua Blender hajui, alikuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai. Akanyoosha kidole kwenye skrini.

"Kaka, hapo pameandikwa tmp. Umeshaangalia tmp?"

Sikuwa nimeangalia tmp. Nikafungua diski C, na pale kati ya Program Files na Windows kulikuwa na folda ambayo sikumbuki kuitengeneza. Ndani yake picha 250, kuanzia 0001.png hadi 0250.png. Zote za usiku wa pili. Za usiku wa kwanza nazo zilikuwepo tangu asubuhi ile ya kwanza, ila nilikuwa nimezifuta mwenyewe kwa kuandika nyingine juu yake, picha kwa picha, na hakuna hata moja iliyokuwa tofauti na ya mwanzo.

Tangu hapo nimeshaulizwa na vijana wengi wanaoanza, "Nimerenda usiku kucha, faili liko wapi?" Na karibu kila mara hadithi ni hii hii. Programu ya animesheni haipotezi kazi. Inaiweka pale palipoandikwa, basi tu palipoandikwa hukuandika wewe.

Kwenye Blender angalia upande wa kulia, kwenye ile safu ya ikoni zilizopangwa wima. Kuna moja ya kamera, na chini yake moja ya printa. Bonyeza printa, shuka mpaka sehemu iliyoandikwa Output, utakuta mstari wenye ikoni ya folda pembeni yake. Mstari huo ndio anwani. Wangu ulisomeka /tmp\ kwa sababu ndivyo nilivyoukuta. Jina hilo limetoka kwenye mifumo ya ukoo wa Unix, ambako /tmp ni chumba cha vitu vya kupita, vya kutumia na kutupa. Windows haina chumba hicho, kwa hiyo Blender hukijenga yenyewe kwenye diski C, mahali ambapo wengi wetu hatuna sababu ya kupafungua.

Kwa hiyo kama muda huu umekaa mbele ya kompyuta na moyo unakudunda, anza na C:\tmp. Ukitafuta kwa jina, usiandike jina la mradi, andika 0001. Picha huitwa kwa namba ya fremu tu. Na kama ulichagua video badala ya picha, jina litabeba fremu ya mwanzo na ya mwisho, mfano 0001-0250.mkv. Wenye Mac, folda hiyo ipo ila imefichwa: ukiwa kwenye Finder bonyeza Shift, Command na G kwa pamoja, andika /tmp, utaingia. Wenye Linux nyie msiguse kitufe cha kuzima. Kwenye Ubuntu, kwa mfano, /tmp husafishwa kila kompyuta inapowashwa upya. Kwanza hamisha, mengine baadaye.

Na kama Blender bado iko wazi, usihangaike kubahatisha, iulize yenyewe. Kwenye Windows nenda menyu ya Window, chagua Toggle System Console, litatokea dirisha jeusi la maandishi. Humo kila fremu iliyokamilika ina mstari wake unaoanza na neno Saved, na mbele yake anwani nzima ya faili, kuanzia herufi ya diski hadi .png. Nilipolijua dirisha hilo nilijicheka. Siku zote mbili lilikuwa limeandika jibu mara 250 kila usiku, mimi nimelala. Njia nyingine, kwa asiyeogopa kuandika msimbo kidogo, ni kufungua Python Console ya humo humo ndani ya Blender na kuandika bpy.context.scene.render.frame_path(frame=1). Itakurudishia mahali hasa fremu ya kwanza itakapokwenda, hata kabla hujarenda chochote.

Kuna hali moja ambapo kweli faili hakuna, na inawapata sana wanaoanza. Ukibonyeza F12 peke yake, Blender inarenda picha moja na kuishikilia kwenye kumbukumbu. Haiandiki kitu kwenye diski. Unaiona, unaifurahia, unaweza hata kumwita jirani aione, lakini mpaka uende menyu ya Image ya dirisha hilo na kuchagua Save As, picha hiyo ni kama ndoto. Animesheni ni Ctrl na F12, hiyo ndiyo inayoandika fremu moja moja huku inaendelea.

Sasa namna ya kuiandika hiyo anwani. Mimi naandika hivi: //renda/kitenge_####

Mikwaju miwili ya mwanzo maana yake ni "folda ile ile ilipo faili hii ya .blend". Ukihamisha mradi wote kwenye flashi au kwenye kompyuta ya rafiki, anwani inahama nao. Lakini inabidi mradi uwe umeshahifadhiwa. Mradi ambao haujapewa jina wala mahali hauna "folda yake". Alama nne za reli ni nafasi ya namba ya fremu, kwa hiyo utapata kitenge_0001.png na kuendelea.

Angalia sana mkwaju unaofuata neno renda. Ukiandika //renda bila mkwaju wa mwisho, Blender haitaona folda, itaona mwanzo wa jina. Utaletewa renda0001.png, renda0002.png, zimemwagwa zote 250 juu ya meza moja na faili lako la mradi na picha zako za vitambaa. Si hasara, ni fujo tu, lakini kuzichambua fujo za namna hiyo kunachosha kuliko kurenda.

Kwa nini kila kazi iwe na folda yake? Hili nalo nilijifunza kwa aibu. Mwezi mmoja baada ya vitenge nilipata kazi ya saluni, kitu kifupi cha sekunde tano, fremu 120. Wakati huo nilikuwa najua fremu ziko tmp na nilijiona mjanja, nikaziacha ziende huko huko. Zikaenda. Fremu ya 1 hadi ya 120 za saluni ziliandikwa juu ya fremu 120 za vitenge, na zile kuanzia 121 hadi 250 zikabaki kama zilivyo. Mimi nikaingia sehemu ya kuunganisha video, nikachagua picha zote kwenye folda kwa kubonyeza A, nikatoa mp4, nikaituma bila kuitazama mpaka mwisho. Baada ya dakika kumi simu ikaita. "Kijana, mbona saluni yangu inauza vitenge?"

Huenda unajiuliza kwa nini nahangaika na picha mia mbili na zaidi wakati Blender inaweza kutoa video moja kwa moja. Inaweza. Chagua FFmpeg Video, weka chombo (Container), yaani aina ya faili la video, kiwe MPEG-4 badala ya Matroska ili simu za watu zisikatae, na kama kuna muziki kumbuka kuchagua AAC kwenye sehemu ya sauti, maana bila kugusa inabaki No Audio na utatuma video bubu. Kwa kipande cha majaribio nafanya hivyo. Kwa kazi ya usiku mzima, hapana, sifanyi na sikushauri. Umeme ukikatika saa tisa usiku na betri ikaisha, video iliyoishia katikati mara nyingi haifunguki kabisa. Picha zilizokwisha andikwa zenyewe hazidhuriki. Unaangalia ya mwisho ni namba ngapi, tuseme 0173, unaendelea kutoka hapo.

Kuendelea kwenyewe ni rahisi. Pale pale kwenye sehemu ya Output kuna kisanduku cha Overwrite. Kitoe alama ya vema, kisha renda kuanzia mwanzo. Kila fremu ambayo picha yake ipo itarukwa. Ila kwanza fungua folda uitazame fremu ya mwisho. Wakati mwingine umeme hukatika katikati ya kuandika, unakuta 0173.png ina ukubwa wa KB 0, au nusu ya juu ni kitenge na nusu ya chini ni weusi. Blender haiangalii ndani ya picha, inaangalia jina tu. Usipoifuta hiyo, itairuka, na kwenye video yako kutakuwa na kupepesa kumoja ambako wewe hutakuona ila mteja atakuona.

Kuna mahali pengine pawili ambapo anwani hujificha. Kwanza ni kwa wanaotumia Compositor, sehemu ya Blender ya kuchanganya na kurekebisha picha zilizorendwa: ile nodi (kisanduku) ya File Output ina anwani yake yenyewe, haifuati ile ya kwenye printa. Umebadilisha moja, nyingine bado inapeleka mambo yake tmp. Pili ni mradi uliopewa na mtu. Anwani huhifadhiwa ndani ya faili la .blend, kwa hiyo ukipokea mradi wa mwenzako umepokea na tabia zake. Kama aliandika D:\Kazi\Harusi\ na wewe una diski D, Blender itatengeneza folda hizo kimya kimya na kukuwekea kazi yako humo, kwenye Harusi, hata kama unachotengeneza ni nembo ya timu ya mpira.

Programu nyingine sizikai sana, ila tabia ni za ukoo mmoja. Maya huweka picha kwenye folda inayoitwa images ndani ya mradi uliowekwa, na kama hukuweka mradi wowote itatumia mradi wake wa kawaida ulioko ndani ya Documents. After Effects ni muungwana zaidi: kwenye foleni yake ya kurenda kuna maandishi Output To, anwani iko mbele yake, unaibonyeza na kuibadilisha kabla ya kuanza.

Siku hizi kabla sijalala nafanya jambo moja. Naweka fremu ya mwanzo iwe 1 na ya mwisho iwe 2, nabonyeza Ctrl na F12, nasubiri dakika nne, naenda mwenyewe kwenye folda na kuzifungua picha zote mbili kwa kitazama picha cha kawaida, nje ya Blender kabisa. Zikifunguka, narudisha 250, nabonyeza tena, nafunika laptopu nusu ili mwanga usinipige machoni. Mdogo wangu akiwepo lazima aulize kutoka kitandani, "Umeangalia tmp?"