Luku ya pamoja na bei ya D1

Pole dada. Umeuliza kwa nini elfu tano inakupa uniti 14 wakati mdogo wako anapata 41, na wewe una taa mbili na redio tu.

Ni kwamba TANESCO haimwangalii mtu, inaangalia mita. D1, ile bei ya shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, ni ya mita ya matumizi ya nyumbani yasiyozidi wastani wa uniti 75 kwa mwezi. Kaya tatu mkichangia luku moja, friji ya jirani inatosha kuwapeleka nyote T1, yaani bei ya matumizi ya kawaida, shilingi 292 kwa uniti kabla ya kodi na tozo. Inaniuma, maana anayeumia ni yule mwenye matumizi madogo kabisa.

Sabmita, yaani mita ndogo ya kupima umeme wa kila kaya ndani ya luku hiyo moja, itawasaidia kugawana gharama kwa haki, lakini haitakurudisha D1. Zungumza na mwenye nyumba akubali uombe mita yako mwenyewe TANESCO. Ukishaipata, usivuke 75: zinazozidi hulipiwa 350 kila moja. Pasi ya umeme na jiko la koili ndivyo vya kuchunga.