Nimonia isiyopona: kwa mnaoanza kusoma picha za kifua

Weupe kwenye eksirei ya kifua unakwambia jambo moja tu: mahali palipopaswa kuwa na hewa pamejaa kitu kingine. Huenda ni usaha, damu, maji au seli za saratani. Huku kwetu ambako kifua kikuu ni kingi, mgonjwa wa saratani ya mapafu anaweza kumeza dawa za TB kwa miezi kabla mtu hajashtuka, na miezi hiyo hairudi.

Kwa hiyo, ukiandika "nimonia" kwa mtu aliyezidi miaka 50 au anayevuta sigara, andika papo hapo na tarehe ya kurudia picha, wiki 6 hivi baadaye. Usiirudie siku ya tano kama anapata nafuu. Weupe huchelewa kuondoka hata homa ikishakwisha. Kwa mzee au mwenye ugonjwa sugu wa mapafu unaweza kuchukua hadi wiki 12, ila lazima uwe unapungua. Akizidiwa, usisubiri tarehe.

Saratani inayoziba njia ya hewa ndiyo inayodanganya zaidi, kwa sababu nimonia iliyo nyuma yake ni ya kweli. Uvimbe ukibana bronkasi (bomba la hewa la pafu), makohozi hayatoki, bakteria wanazaliana, homa inapanda. Ukimpa antibiotiki anapata nafuu na kuruhusiwa. Hata dawa za TB zinaweza kumpa nafuu ya muda, maana rifampisini huua bakteria wengine pia. Nimonia ikirudi palepale, usikimbilie kubadilisha dawa, tafuta kilichoziba. Angalia kama pafu limesinyaa. Ndewe (sehemu ya pafu) ya juu ya kulia ikisinyaa, mstari unaoitenganisha na ndewe ya kati hupanda upande wa nje, lakini karibu na shina la pafu, pale mishipa na bronkasi zinapoingilia, hutuna kuelekea chini kwa kuzuiwa na uvimbe. Linatokea umbo la S iliyogeuzwa, alilolieleza daktari wa radiolojia Ross Golden mwaka 1925. Ukiliona, omba CT na bronkoskopi, yaani kamera ya kuchungulia ndani ya njia za hewa.

Adenokasinoma ya ute, aina nyingine ya saratani ya mapafu, haina haja ya kuziba kitu. Seli zake hutambaa kwenye kuta za vifuko vya hewa na kumwaga ute, huku bronkasi zikibaki wazi; ndiyo maana unaona mistari myeusi ya hewa ndani ya weupe, sawasawa na nimonia. Hapa mgonjwa ndiye anayekusaidia kuliko picha: mara nyingi hana homa, chembe nyeupe za damu ziko kawaida, na pengine anakohoa makohozi ya majimaji yanayozidi mililita 100 kwa siku. Asiyewahi kuvuta sigara naye huipata.

Picha ikionyesha tundu ndani ya pafu, pima ukuta wake pale ulipo mnene zaidi. Chini ya milimita 4, mara nyingi si saratani. Juu ya 15, ishuku sana, hasa ukuta wa ndani ukiwa na vinundu. Kati ya hapo kipimo peke yake hakiamui.

Jibu la GeneXpert, kipimo kinachotafuta DNA ya vimelea vya TB, nalo lisomwe kwa makini. Likiwa hasi na dawa hazisaidii, rudi kwenye picha. Likionyesha chembe kidogo tu kwa mtu aliyetibiwa TB miaka michache iliyopita, huenda ni DNA ya vimelea vilivyokwisha kufa. Na hata likiwa chanya kabisa, magonjwa haya mawili huweza kukaa pafu moja.

Inapofika kuchukua kipande cha nyama ya pafu kwa uchunguzi, andaa vichupa viwili: kimoja chenye fomalini asilimia 10 kwa ajili ya patholojia, kingine chenye maji ya chumvi safi kwa ajili ya GeneXpert na kuotesha vimelea. Vyote vikitiwa fomalini, vimelea vinakufa na huwezi kuotesha tena. Kwenye fomu andika dawa alizokwisha kutumia na kwa siku ngapi. Jibu likirudi "maambukizi tu, hakuna saratani" ilhali picha inazidi kuharibika, huenda sindano iliingia kwenye nimonia iliyo pembeni ya saratani. Chukua kingine.